Jiwe Chini ya Gurudumu

Mwaka wa hamsini na sita, Kimaiyo alikuwa bwege wa aina mbaya kabisa: bwege mwenye leseni. Setla mmoja wa mkonge alimpa funguo za lori, naye akawa anatembea Nakuru kama amerithi Rift Valley nzima. Setla mwenyewe mlevi tu, hajui hata kubadilisha plagi. Lakini ndiye bwana. Nonsense.

Siku hiyo Kimaiyo aliendesha peke yake kwenda Marigat kumchukua mkewe, Cheptanui, akajifungulie hospitali ya mjini. Mimba mbili zilikuwa zimewatoka. Hii ya tatu aliapa haitapotea. Turnboi, msaidizi wake wa kukaa nyuma ya lori, alimwacha mjini, eti atamsonga mama mjamzito.

Mbele ya Mogotio, jua la utosi, tairi likapasuka mteremkoni. Kando ya barabara palikuwa na rundo la mawe, kaburi la mtu wa zamani. Kila mpita njia huongeza jiwe, au nyasi kidogo. Huongeza, my friend. Kimaiyo akachukua. Kabari ilikuwa imebaki na turnboi, kwa hivyo akang'oa jiwe la juu kabisa, akalisukuma chini ya gurudumu.

Mama mmoja aliyebeba kibuyu cha maziwa ya mursik akasimama.

"Dereva, hilo lina mwenyewe."

"Mwenyewe alikufa, mama."

"Eeh. Na wewe umemfunua."

"Superstition! Mimi nimesoma misheni."

"Na huko misheni hawafundishi kuomba ruhusa?" Mama akasonya, akaenda zake.

Tairi likafungwa. Jiwe akalitupa nyuma ya lori, limsaidie milima ya mbele.

Hakufika mbali. Nyuma ya kichwa chake, kwenye bodi: ngo! Kwa watu wa lori, mara moja ni simama. Mguu ukakanyaga breki kabla ile akili ndogo haijauliza ni nani anayegonga. Akashuka. Nyuma kulikuwa na jiwe tu. Akapanda. Ngo-ngo! Mara mbili ni twende.

Akaenda, afanye nini? Akaenda huku harufu ya tumbaku na ngozi mbichi ikimjia shingoni ingawa upepo ulitoka mbele, akaenda akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya mbuzi, akasimama kwenye korongo akalirusha jiwe mbali kabisa, na alipoondoka springi zikalia na lori likainama upande, kama linavyoinama mtu mzima anapojiweka vizuri.

Marigat, Kimaiyo alipokuwa akinywa maji kivulini, Cheptanui alitoka na tumbo lake akasimama nyuma ya lori. Alirudi amekasirika.

"Kimaiyo, huna haya? Umeweka mzee juani, wewe unakaa kivulini?"

"Mzee gani?"

"Huyo uliyembeba. Ameniuliza mtoto anakuja lini."

"Hukumwambia. Cheptanui, sema hukumwambia."

"Ningemnyima jibu mzee? Nimesema wiki hii. Akasema ni vizuri, amechoka kulala."

Kurudi, hakuna kilichogonga. Njia nzima kimya, na dereva hodari akalia kama mtoto.

Mvulana alizaliwa hai hospitalini, lakini walipomfikisha nyumbani akakataa kunyonya. Pasta akaja, akaomba, akala kuku, akaondoka. Ndipo mama mkwe wa Kimaiyo akafanya kazi ya wakubwa: akamshika mtoto, akaanza kuwaita wazee waliokufa, jina baada ya jina, kwa sababu mtoto hupiga chafya akiitwa yule aliyerudi ndani yake. Upande wa baba ukaisha. Upande wa mama ukaisha. Mtoto alitazama paa, midomo imekauka.

"Nani hatujamwita?" mama mkwe akanong'ona. "Anakufa, Kimaiyo."

"Kuna mmoja. Simjui jina."

"Mwite unavyomjua!"

Kimaiyo akainama juu ya mwanawe.

"Wewe... wa nyuma."

Mtoto akapiga chafya. Akageukia titi, akanyonya kwa nguvu, macho wazi. Wanawake wakapiga vigelegele, na baba mtu akatoka nje kutapika.