Siri Iliyosomwa kwa Sauti

Kila Jumamosi, kabla jua halijavuka mlima, Editha alikuwa tayari kwenye tuta lake la stroberi. Lilikuwa tuta dogo lililokatwa kwenye mteremko, juu sana ya barabara ya Mgeta. Mama yake alimpa alilime mwenyewe alipoingia darasa la saba. Alichovuna alimuuzia mnunuzi anayekuja na lori la mboga, na fedha aliiweka kwa ajili ya sare ya kidato cha kwanza.

Asubuhi moja alikuwa ameinama akichuma aliposikia mtu anahema nyuma yake. Aligeuka akamwona kijana asiyemjua, mwenye begi mgongoni, suruali imelowa umande hadi magotini.

"Samahani, mdogo wangu. Kwa Bibi Theresia ni hapa?"

"Shikamoo, kaka. Umepitiliza. Ni kule chini, lori linapoegesha."

"Marahaba. Mbona niliambiwa ni juu ya barabara?"

"Juu ya barabara, kaka, siyo juu ya mlima," Editha alisema, na kijana akacheka huku akijishika mbavu.

Aliitwa Innocent. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliopita, anaishi Mafiga mjini Morogoro, na bado hakuwa amepata kazi. Njiani kushuka alimweleza Editha kwamba amekuja kuzungumza na kikundi cha akiba cha Bibi Theresia. Mama yake Innocent naye aliwahi kuweka akiba kwenye kikundi mjini, mwenyekiti akatoroka na kila kitu. Tangu hapo Innocent alitafuta namna ambayo mtu angeweza kutunza hela yake bila kumtegemea yeyote. Sasa aliamini ameipata.

Kikundi kilikuwa kimeshakusanyika uani kwa Bibi Theresia. Katikati lilikuwepo sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake walizishika watu watatu tofauti. Mmoja wao alikuwa mama yake Editha. Innocent aliwaamkia wazee mmoja mmoja, akapewa kigoda, akaanza kueleza habari za sarafu za mtandaoni. Alisema ni fedha isiyoshikika mkononi. Inatunzwa na kompyuta nyingi duniani kwa pamoja, hivyo hakuna benki wala mtu mmoja anayeweza kuifungia.

Mzee Fransisko, aliyekuwa katekista kwa miaka mingi, ndiye aliyeuliza sana. Alitaka kujua nani anaitoa, nani anaipangia bei, na kwa nini bei hiyo inapanda na kushuka kama ya nyanya. Innocent alijibu kwa subira. Hata alipokiri kwamba bei inaweza kushuka usiku mmoja, macho yake yaliendelea kung'aa.

"Na nikikosea, mwanangu, nimwone nani?" Mzee Fransisko aliuliza.

"Hakuna wa kumwona, mzee. Hakuna karani, hakuna meneja, hakuna kuomba ruhusa. Ndio uhuru wenyewe huo."

"Uhuru wa kulia peke yangu," alisema mzee, na watu wakaangua kicheko.

Hata hivyo kijana aliwapendeza. Baada ya mabishano walikubaliana wajaribu kwa fedha ya mfuko wa jamii peke yake, ile inayomsaidia mwanachama akiuguliwa au akifiwa. Mweka hazina alimtumia Innocent fedha hiyo kwa simu, naye akapanda hadi kwenye jiwe kubwa ambapo mtandao unashika vizuri, akainunulia sarafu. Aliporudi alimkabidhi Bibi Theresia kipande cha karatasi chenye maneno kumi na mawili ya Kiingereza.

"Haya ndiyo ufunguo, Bibi. Yasipotee. Yakipotea, hela nayo imepotea. Aliye na maneno haya ndiye mwenye hela." Kisha akarudi jiweni kumpigia simu mama yake.

Sasa, kikundi kile kilikuwa na desturi. Wanachama kadhaa hawakujua kusoma, kwa hiyo jambo lolote lisilotakiwa kupotea halikuachwa kwenye karatasi peke yake. Mwisho wa kila kikao hesabu ya sanduku ilitajwa kwa sauti, wote wakaitika hadi kila mmoja akaishika kichwani. Hivyo hakuna aliyeweza kuibadilisha bila kujulikana. Bibi Theresia aliitazama karatasi, akaona maneno hayo nayo yasiachwe hivihivi.

"Editha, wewe unasoma Kiingereza. Njoo utusomee."

Editha aliona fahari. Alisimama katikati ya ua, akasoma neno la kwanza kwa sauti ya darasani, na watu wote wakaitika. Maneno hayakuwa na uhusiano wowote: moja lilikuwa mbuzi, jingine mvua, jingine ngazi. Alipowatafsiria walicheka, na kwa kucheka wakayashika upesi. Wapakiaji wa lori waliokuwa wakisubiri nje ya uzio nao waliitikia kwa mzaha. Walirudia mpaka hata mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akayasema yote bila kukosea.

Kikao kilipokwisha Editha aliwahi na ndoo zake za stroberi kwenye lori. Mnunuzi alikuwa na haraka, anapokea mzigo huku anatazama saa. Wapakiaji walikuwa wakirushiana makabichi, na Nasibu, kiongozi wao, alikuwa akiwaimbisha kama kawaida yake. Ila siku hiyo wimbo ulikuwa mpya. Kwa kila kabichi walitaja neno moja kwa Kiingereza kilekile, tangu lile la mbuzi hadi neno la kumi na mbili, kisha wakaanza upya.

"Mwalimu, nimekosea wapi?" Nasibu alimtania Editha. "Huu wimbo tunaushusha nao hadi sokoni mjini."

Editha alianza kucheka, kisha akaacha. Alikumbuka maneno ya Innocent: aliye na maneno haya ndiye mwenye hela. Hakusema aliye na karatasi. Kando ya lori walisimama wanunuzi asiowajua, simu mkononi. Na ni yeye aliyeyasoma, kwa sauti, akijivuna.

Mnunuzi alimwita alete ndoo. Editha aliziacha palepale chini, akakimbia kupanda mlima.

Njiani alijaribu kutunga maneno ya kujitetea. Angeweza kusema ni Bibi aliyemtuma, na isingekuwa uongo. Lakini alipomfikia Innocent jiweni, akihema, ilitoka ilivyo.

"Kaka, nimeyasoma maneno yako kwa sauti. Kila mtu anayajua. Hata wapakiaji wanayaimba."

Innocent hakumgombeza. Alikodoa macho, akakaa chini, akaanza kubonyeza simu. Editha aliuliza kama hela imekwenda. Duara dogo lilizunguka kwenye kioo, likakwama, likazunguka tena. Innocent alisimama juu ya jiwe, akainua simu juu ya kichwa chake kama mtu anayechuma tunda la juu.

Hatimaye alishusha pumzi ndefu.

"Ipo. Nimeihamishia kwangu, kwenye maneno mengine. Sasa waimbe mpaka wachoke."

Editha alikaa kwenye majani, akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja.

Waliporudi uani lori lilikuwa limeondoka. Stroberi zilikuwa juani, nusu yake zimeshaanza kutoa maji. Mama yake aliziangalia, akamwangalia mwanawe, na baada ya kusikia habari yote akamfuta jasho kwa upindo wa khanga.

Wanachama waliamua sarafu iuzwe siku hiyohiyo, fedha irudi sandukuni. Ilirudi, lakini ilipungua kidogo, kwa sababu ya makato na bei iliyoshuka tangu asubuhi. Innocent aliinamisha kichwa.

"Kilichopungua nitakilipa mimi. Nitakileta mwenyewe Jumamosi ijayo."

Wachache waliguna. Mmoja alisema wazi kwamba huyo hawatamwona tena, na Editha akaumia kana kwamba amesemwa yeye. Bibi Theresia aliwanyamazisha.

"Huyu hakuja kutuibia. Alikuja na kitu anachokipenda, nasi tukakipokea kabla ya kukiulizia vya kutosha. Sisi tunalinda hela yetu kwa kuisema mbele za watu. Hii yake inalindwa kwa kunyamaza. Zote zinaweza kufaa, ila ukitunza moja kwa desturi ya nyingine unaipoteza. Wenye akili ni wanaouliza kwanza." Kisha akamgeukia Editha. "Na wewe, mjukuu wangu, ungeweza kunyamaza tukalaumu mtandao. Umesema kosa mapema, ndiyo maana tumeliwahi. Huo ndio uhuru ninaoujua mimi: kutokuwa na jambo la kuficha."

Jumamosi iliyofuata ilinyesha tangu alfajiri. Udongo uliporomoka ukaziba barabara, na lori halikupanda. Kikao kilifanyika barazani, watu wakikaa karibu karibu kukwepa matone. Hakuna aliyemtaja Innocent, lakini Editha alitazama njia kila mara.

Kufuli zilikuwa zinakaribia kufungwa mtu alipotokea kwenye mvua, tope hadi kiunoni. Alikuwa ametembea tangu pale barabara ilipoziba. Alitoa mfuko wa plastiki kifuani, na ndani yake noti, kavu kabisa.

"Umezipata wapi, kijana?" Mzee Fransisko aliuliza kwa upole. "Si ulisema huna kazi?"

"Nimebeba makabichi sokoni wiki nzima, mzee," Innocent alisema, na alipoinua mkono kumpa Bibi Theresia zile noti, bega lilimuuma akalishika.

Mama yake Editha alisogea kwenye mkeka, akampa nafasi akae.