Alama ya Ndege kwenye Saa ya Flavian

Mguu wa kushoto wa Flavian ulikufa njiani, kati ya Namanyere na Sumbawanga. Ilikuwa Jumamosi, mwaka 1996. Gari lilipofika nyumbani kwake Mollo, karibu na mji huo, alishindwa kushuka. Mkewe Fransiska na dereva walimbeba mpaka ndani.

Flavian alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi. Biashara huria ilipokuja, wanunuzi wa samaki wa mapambo walifika Ziwa Tanganyika. Ni samaki wadogo wenye rangi. Wazungu wanawafuga kwenye masanduku ya kioo. Flavian aliteremka Kipili, akafundishwa kuzamia kwa mtungi wa hewa. Alifundishwa siku nne tu. Alipewa pia kompyuta ndogo ya kuzamia, inayofungwa mkononi. Wazamiaji waliiita saa. Ilionyesha kina cha maji na muda. Ikiona hatari, ililia.

Jumamosi hiyo alizama mara tatu. Kesho yake binti yake Jane alikuwa anapokea komunyo ya kwanza, na gari la mnunuzi lilikuwa linaondoka saa nane mchana. Mara ya mwisho alipanda mbio. Saa ikalia pii, pii, pii. Hakuijali. Alipotoka majini, aliona kwenye saa picha ya ndege iliyopigwa mstari.

"Hii nini tena?"

Mwenzake Kasimiri alitazama, akacheka. "Unakatazwa kupanda ndege, mheshimiwa. Ulikuwa unakwenda Ulaya?"

"Mimi na ndege wapi na wapi? Mimi napanda Land Rover, naenda Mollo."

Akapanda.

Gari lilipoanza kupanda mlima, bega lilimuuma. Walipofika Namanyere, miguu ilikuwa na ganzi. Alidhani ni uchovu. Dereva alimpa vidonge vya maumivu. Nyuma ya gari kulikuwa na mtungi wa oksijeni, lakini ulikuwa wa kuwatilia samaki hewa safarini; hakuna aliyefikiri kumpa mtu.

Jioni hiyo Fransiska alimpeleka hospitali. Daktari aliuliza kazi yake, akamwekea oksijeni, kisha akaita Kipili kwa simu ya upepo. Jumatatu akafika Obed, mwalimu wa wazamiaji kutoka Kigoma.

"Shikamoo, mwalimu," Fransiska alisema.

"Marahaba, mama Jane. Mgonjwa anasemaje?"

"Hasemi kitu. Majirani wanasema amerogwa."

Obed alivuta kiti. "Flavian, samaki aliye mita thelathini chini unampandisha kwa muda gani?"

"Siku mbili, hata tatu. Tunamweka kwenye kapu lenye kamba, tunalivuta kidogo kidogo. Ukimharakisha anavimba tumbo, anakufa."

"Na wewe ulipanda kwa muda gani?"



"Jibu, baba Jane," Fransiska alisema.

"Dakika moja. Labda haikufika."

"Basi samaki unamtunza kuliko unavyojitunza," Obed alisema. "Ukiwa chini, hewa ya mtungi inaingia kwenye damu na nyama. Ukipanda polepole, inatoka kwa pumzi. Ukipanda mbio, inageuka mapovu mwilini. Mapovu yakishika uti wa mgongo, mguu unakufa. Siyo uchawi. Saa ikilia, punguza mwendo. Usipite mita tisa kwa dakika. Ukifika mita tano, simama dakika tatu. Saa ikitaka usimame zaidi, simama zaidi. Na usibane pumzi, pumua muda wote."

"Lakini alitoka majini anatembea," Fransiska alisema. "Mguu umefia kwenye gari."

"Dumu tupu likifungwa Kipili, likifika huku linakuwaje?"

"Linavimba. Ukilifungua linatoa pumzi."

"Kwa sababu huku juu hewa ni nyepesi. Mollo ipo juu ya ziwa kwa karibu mita elfu moja. Mapovu mwilini nayo yanavimba hivyo hivyo. Aliyetengeneza saa alichora ndege. Hakujua mlima wenu. Kwa mwili, mlima huu na ndege ni shida moja."

Flavian akageuza kichwa. "Kwa hiyo ningengoja mpaka lini?"

"Mpaka picha ifutike. Na hata ikifutika mapema, ngoja saa ishirini na nne kabla ya kupanda huku. Ukizama siku nyingi mfululizo, ongeza."

"Siku moja!" Fransiska alipiga makofi. "Mwanamume mzima umeshindwa kukaa Kipili siku moja ukicheza bao?"

"Komunyo ingenipita, mama Jane."

"Imekupita," Fransiska alisema.

"Ungeacha kuzama tangu Ijumaa asubuhi," Obed alisema. "Safari ya mlimani inapangwa ukiwa bado nchi kavu."

Obed aliteremka Kipili, akawafundisha wazamiaji upya kwa wiki mbili. Kasimiri hakucheka tena. Sasa kila mzamiaji ana saa yake na haiazimishi, maana inahesabu kuzama kwa aliyeivaa tu. Siku ya kwenda Sumbawanga hakuna anayezama, wala siku inayotangulia. Mtungi mmoja wa oksijeni una kifuniko cha pua na mdomo, kwa ajili ya watu. Anayeumwa viungo au kupata ganzi baada ya kuzama analazwa chali na kupewa oksijeni. Daktari anaulizwa kwa simu kabla mgonjwa hajapandishwa mlima. Hakuna anayemrudisha majini ili "apoe", kama wengine wanavyodhani. Miaka mitatu imepita, na hakuna mwingine aliyepooza. Flavian hazami tena. Anakaa ufukoni, anaandika nani ameingia majini na nani ametoka.

Alilazwa siku ishirini na tatu. Siku kumi na moja kati ya hizo alikojoa kwa mpira. Alitembea kwa magongo miezi saba. Ekari mbili za ulezi hazikulimwa msimu huo. Mguu wa kushoto unatembea, lakini kuanzia goti kwenda chini hausikii moto wala baridi.