Mkono Aliouficha Haula

— Geuza bega, Haula. Mikono yote miwili kwenye mpini. Huu wa kushoto ndio unaosukuma.

Haula akageuza bega. Mipira ya upande wa kulia alikuwa akiikosa wiki nzima, hadi wanafunzi wakamcheka. Leo Abdulatifu, mwalimu wa michezo, alitaka kumfundisha eskerda, kushoto, ndivyo wanavyoliita Wareno pigo hilo la upande wa pili.

Uwanja wenyewe ulikuwa simenti kuukuu nyuma ya shule, hapo Mocímboa da Praia, na katikati limetundikwa jarife la kuvulia badala ya wavu. Haula ni fundi cherehani. Tenisi ilikuwa kisingizio tu cha kuwa na Abdulatifu, na mtaa mzima ulijua.

Mpira ukaja kushoto. Akageuka, akapiga. Ukapita juu ya jarife ukaanguka kwenye mstari kabisa. Wa pili vilevile. Abdulatifu akasimama.

— Wewe una mashoto.

— Nani kakwambia?

— Mpira.

Haula akashusha raketi. Bibi yake aliufunga mkono ule kwa kitambaa tangu utotoni, akajifunza kula na kuandika kwa kulia. Kisu na mkasi aliendelea kuvishika kwa kushoto, kwa siri. Na Bi Zubeida, mama yake Abdulatifu, alishasema kwenye harusi moja mbele za watu kwamba mwanamke mwenye mashoto mkono wake hauna baraka, mwanawe hatamwoa.

— Siku ile ya harusi ulikuwepo, ukanyamaza, alisema Haula. Mama yako akijua, utanyamaza tena.

— Haula, mama ni mama.

— Basi kaa naye.

Akaondoka. Jumatatu Abdulatifu alikuwa aingie Afungi, kwenye mradi wa gesi, kwa mkataba wa miezi mingi, naye aliahidi kupeleka posa kabla. Sasa je? Haula hakutulia. Alishona mkono wa gauni, akaufumua. Simu aliiweka, akaichukua, akaiweka tena.

"Haula, nijibu."

"Nimekosa, mpenzi."

Kisha ikaja ya tatu: "Mama anakuja kukuona Jumamosi. Tumia mkono wa kulia tu, yatapita."

Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Aliandika jibu refu, akalifuta. Mapenzi gani haya ya kumwambia mtu ajifiche?

Jumamosi Bi Zubeida hakungoja kukaribishwa sebuleni. Alipitia uani, kama wafanyavyo wanawake wenzetu wakitaka kuona ya kweli, Abdulatifu akimfuata nyuma. Wakamkuta Haula kwenye kibao anamparua samaki aina ya changu, wengine wamejaa beseni kando, kisu mkono wa kushoto, magamba yanaruka.

— Una mashoto?

Haula angeweza kukihamisha kisu. Alikuwa amechoka kuhamisha.

— Ndiyo, mama. Tangu kuzaliwa.

Bi Zubeida akamgeukia mwanawe.

— Ulijua?

Haula alishindwa kumtazama Abdulatifu. Akinyamaza sasa, basi imekwisha, alijiambia.

— Nilijua, mama. Tena nilimwambia akufiche. Kosa langu, si la mkono wake. Huyu ndiye nimtakaye. Usiporidhia nitakaa hapa nikubembeleze hadi uridhie, na Afungi isinione.

Bi Zubeida akavua viatu polepole, akakaa kwenye mkeka. Machozi yalimlenga Haula, akaendelea kuparua, maana mikono ilikataa kukaa bure.

— Kula unakula kwa mkono gani?

— Wa kulia, mama.

— Na mwanangu ukimpa chakula?

— Kwa kulia. Ila samaki nitamparua hivihivi.

Bi Zubeida akamchukua yule changu, akampitishia kidole toka mkiani hadi kichwani akitafuta gamba. Hakulipata. Akamrudisha kibaoni.

— Washenga watakuja kesho. Haya, nipe kisu kingine, hawa wengine wataharibika kwa jua.