Aliyejibu Kumi na Mbili

Kama umekuja kucheka, kachekee kwenu. Hapa hakuna anayekubembeleza uamini. Nyinyi mliokaa madarasani mpaka mkaota kipara mnataka kila kitu kiwe na picha na tarehe, na pasipo na picha mnasema ni maneno ya vibibi visivyo na meno. Meno yapo. Kaa chini au nenda zako, ila ukikaa usikatize.

Apolinaria naye alikuwa wa namna hiyo hiyo. Binti wa Ipuli, mtoto wa wakulima wa tumbaku, Mkatoliki wa benchi la mbele, na hakuamini kitu mpaka akiwekee alama ya vema kwenye orodha. Alikuwa katibu wa kikundi cha vijana wanaoandika programu za kompyuta. Watu kumi na wawili, kila Jumamosi saa tisa alasiri, mashine zao mapajani, huyu anamwonyesha yule kosa lake liko mstari wa ngapi. Kazi yao haina jembe wala cherehani, lakini ni kazi, na wengine walikuwa wanakula kwayo.

Basi chumba walichozoea kukutania kikageuzwa saluni. Waliambiwa Alhamisi kwamba Jumamosi wasije. Kikundi cha namna ile kikikosa pa kukaa mwezi mmoja kimekufa, na Apolinaria hakutaka kife, kwa sababu humo ndimo alimompata Adriano. Huyu Adriano alikuwa fundi wa mitandao pale mtaa wa Cheyo, mrefu, mchelewaji wa kila mahali, mwenye sauti nene iliyokuwa inabeba besi ya kwaya nzima. Walikuwa wameshachumbiana. Tangazo la ndoa yao lilikuwa karibu kuanza kusomwa kanisani, Jumapili tatu kama desturi.

Katibu akatumwa kutafuta mahali. Akaenda ukumbi wa baa moja, akakuta muziki unaanza saa nane na walevi wanataka kufundishwa kompyuta. Akaenda kwenye chumba cha Wamoraviani, pazuri, pasafi, ila kwaya yao hufanya mazoezi saa ile ile na soketi zote zimekufa. Likabaki ghala la akina Nanji, kwenye njia ya zamani ya Ujiji, kupita maduka ya mwisho. Parvez Nanji, muuza vipuri vya simu, alisema walichukue bure, wafagie tu.

Alikwenda kulitazama Jumatano asubuhi, jua limewaka. Kuta nene kama za boma, dari ya magogo, dirisha moja. Akatoa orodha yake. Umeme, vema. Mtandao, vema. Viti vya plastiki, vema. Choo kipo uani. Kisha, kwa kuwa watu watazungumza, akapiga makofi ili asikie chumba kinavyorudisha sauti. Akapiga matatu. Yakarudi manne.

Akasimama. Akapiga mawili. Yakarudi matatu, na lile la mwisho lilikawia kidogo, kama mtu mwenye adabu aliyesubiri wenzake wamalize.

Parvez alikuwa ameinamia simu yake, hakusikia. Humo ndani mlikuwa na harufu ya ngozi mbichi na jasho la watu wengi, katika chumba kilichofungwa miaka. Apolinaria akafungua dirisha, akaandika: sauti, vema.

Uani alimkuta Jenabai, shangazi yake Parvez, anachagua choroko kwenye sinia. Akamwamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba bila kuinua macho, akauliza wanataka kufanya nini humo. Akaelezwa. Hakuuliza habari ya umeme wala ya kelele. Aliuliza moja tu.

"Mtahesabu?"

"Tuhesabu nini, bibi?"

"Watu. Humo ndani watu hawahesabiwi. Marehemu baba alihesabu magunia hapa uani, na sisi watoto hakutuhesabu hata siku moja. Kaeni, someni, chekeni. Msihesabiane."

Apolinaria akasema sawa bibi, kama mtu anayeambiwa avue viatu mlangoni.

Jioni ile akawaandikia wenzake kwenye simu sifa za kila mahali ili wapige kura. Palikuwa na sehemu ya kujaza masharti ya mwenye nyumba. Akaitazama. Alimjua mwenyekiti wao, Festo, mdomo wake wembe. Angeligeuza neno la bibi kuwa kichekesho cha mwezi mzima. Na aliwajua wale wanaojifanya hawaogopi; wangekimbilia baa. Akaiacha wazi. Ghala likapata kura tisa.

Sasa sikiliza kosa lilipo. Kikundi kile kilikuwa na desturi yake. Wakishakaa, kila mtu hutaja namba yake kwa zamu, ili wagawane wawili wawili kwa kazi ya siku. Na hawakuanzia moja kama mimi na wewe. Mashine wanazozitumikia huanzia sifuri, basi na wao huanzia sifuri, na mgeni akianzia moja wanamcheka mpaka aone haya. Kwa hiyo watu kumi na wawili wakihesabiana, wa mwisho anasema kumi na moja. Hakuna aliyewahi kufikiri habari ya namba inayobaki.

Jumamosi ya kwanza Festo akakaa, akasema, "Sifuri." Aliyefuata ni Apolinaria. Alimkumbuka bibi na sinia lake. Lakini macho ya watu kumi yalikuwa yanamngoja, naye akasema, "Moja." Zikaenda, zikaenda, Zablon akasema kumi, na Adriano, aliyeingia mwisho akihema, akakohoa kidogo kama kawaida yake, akasema kumi na moja kwa besi yake.

Nyuma ya Adriano, palipokuwa na ukuta tu na viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mtu akasema kwa utulivu, kama aliyeitwa baada ya kungoja sana:

"Kumi na mbili."

Wakacheka. Festo akauliza nani anajifanya mjanja. Magreth, aliyekaa karibu na Zablon, akasema ni ukuta. Kazi ikaendelea, ila ile harufu ya ngozi ilizidi mpaka wawili wakahamia dirishani, na Apolinaria siku ile hakuweza kuandika hata mstari mmoja uliokubali kwenda.

Kesho yake tangazo la kwanza likasomwa. Adriano akaimba vizuri. Apolinaria akajiambia yamekwisha.

Jumamosi ya pili alimvuta Festo pembeni, akamnong'oneza kwamba leo wasihesabu, wagawane tu.

"Kwa nini?"

Angesema kwa nini, angesema pia kwamba alificha sharti. "Basi," akasema, akaenda kukaa.

Wakahesabu. Zablon akasema kumi. Adriano akafungua mdomo, na kabla hajatoa neno, "kumi na moja" ikatoka nyuma yake, kwenye vile viti, kwa sauti yake mwenyewe Adriano, nene, yenye kale kakikohozi kake kadogo mwanzoni, huku Adriano mwenyewe amekaa mdomo wazi kama samaki, shingo imekaza, hakuna kinachotoka. Kisha ile sauti nyingine, ya utulivu, ikamalizia: kumi na mbili. Safari hii hakuna aliyecheka.

Adriano hakusema tena. Walimpeleka hospitali, wakamulika koo, wakaona koo zima kama la mtoto. Apolinaria alipomfungua shati ili amkande mgongo, alikuta bega la kulia lina alama nyeusi ya upana wa kiganja, ngozi imechunika kama iliyolaliwa na mti mzito, na Adriano akavuta karatasi akaandika kwamba kila akifumba macho, hata mchana, hata kwenye kiti, yumo njiani na mzigo begani, mbele mgongo wa mtu na nyuma pumzi za mtu, miguu mingi inakwenda bila neno, vumbi, ile harufu, na pembeni yao kuna mmoja asiyebeba kitu, anatembea anahesabu, na kila akimfikia yeye Adriano anamgusa kichwani na kutabasamu.

Alhamisi Zablon akapiga simu. Sauti imeanza kukauka, akasema, na bega linamuuma, hajui amelala vibaya wapi. Zablon ndiye aliyesema kumi.

Hapo Apolinaria akaona mstari wote ulivyopangwa, Zablon, halafu Magreth, halafu huyu na huyu, mpaka kwake aliyesema moja. Hakwenda kwa padri. Alikwenda kwa Jenabai, na bibi hakumgombeza, akajifunga mtandio tu, wakapanda bajaji mpaka kwa Bi Swaumu, mganga wa makamo ambaye nyumba yake haina hata kibao.

Bi Swaumu alisikiliza akivunja ubani. Akauliza walianzia wapi kuhesabu. Akaambiwa sifuri.

"Yaani pasipo na mtu."

"Ndiyo, bibi."

"Watu kumi na wawili, namba ya kumi na mbili mkaiacha wazi. Mkamfungulia kiti." Akavunja kipande kingine. Akaeleza, bila haraka, kwamba katika ghala lile watu wa misafara ya zamani, wabeba mizigo, walikuwa wakifungiwa na kuhesabiwa kabla ya kuondoka, na msimamizi aliyepungukiwa na mtu mmoja alijaza kwa yeyote aliyepita njiani, mke wa mtu, mchunga mbuzi, yeyote. Jini wa mle alinyonya pale. Chakula chake ni hesabu. "Misafara imekwisha, yeye hajaambiwa. Mmemwamsha, anajaza."

Dawa ilikuwa ngumu kwa sababu ilikuwa nyepesi. Warudi wote Jumamosi, saa ile ile, viti vile vile. Asiwepo wa kutaja namba. Apolinaria aliyeficha sharti ndiye atakayewaita, kwa majina yao kamili na ya baba zao, kwa maana yule ana namba, jina hana. Anayeitwa asiitikie, ainuke atoke. Yeye atoke wa mwisho, afunge mlango, na Bi Swaumu nje ataukomea.

"Na sauti ya Adriano?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ikimfuata mwenyewe, shukuruni. Ikibaki, itakuita. Ukiijibu neno moja umeikubali hesabu yake, na mtakwenda wote. Mimi sikudanganyi, mwanangu. Sijui itafanya lipi."

Ijumaa akawaandikia wenzake ukweli wote, na ile sehemu aliyoiacha wazi. Hakuna aliyemtukana, pengine matusi yangekuwa nafuu. Walikuja wote, hata Festo, midomo imekauka.

Saa tisa, jua kali nje, ndani baridi ya pango. Wakakaa. Harufu ya ngozi ilikuwa inashika ulimi. Apolinaria akaanza kusoma kwenye karatasi, Festo mwana wa fulani, akainuka akatoka, Magreth binti wa fulani, akainuka akatoka, na kadiri viti vilivyobaki vitupu ndivyo chumba kilivyozidi kujaa, minong'ono ya miguu juu ya sakafu ya udongo, mgongo baada ya mgongo, na mtu mmoja anapita nyuma ya viti pole pole, akigusa kila kiti, tap, tap, akifika kilichotoka mtu anasimama, anarudi, anaanza upya, kama karani aliyepotewa na hesabu, na Zablon alipoitwa alitoka akikimbia, akajigonga mlangoni. Kisha akamwita Adriano kwa jina la ubatizo na la baba na la babu. Adriano akainuka. Alipinda bega la kulia. Akatoka bila kugeuka.

Alibaki yeye peke yake. Akakunja karatasi, akasimama, akatembea, na alipoushika mlango:

"Polina."

Kale kakikohozi mwanzoni, na jina ambalo Adriano peke yake ndiye aliyemwita.

"Polina, mimi sijatoka. Uliyemtoa ni bega tu."

Hakugeuka. Sauti ikamsogelea, haikupanda, ilisema kama mtu anavyosema akiwa karibu na sikio la mpenzi wake. Ikamtajia neno aliloambiwa na Adriano siku ya kuchumbiwa, neno ambalo hakuna aliyelisikia wala yeye hakumwambia mtu. Ikamwambia kesho ni tangazo la tatu. Ikamuuliza, nani atamwitikia mbele ya padri? Neno moja tu, Polina, sema nipo, nitakufuata. Na chini ya sauti hiyo ile nyingine ilikuwa inahesabu kwa utulivu, kumi na mbili, kumi na moja, kumi, tisa, ikishuka kumwelekea.

Nje, kwenye mwanga, alimwona Adriano amesimama katikati ya wenzake. Alikuwa anajaribu. Festo alikuwa amemshika mkono, anamwambia sema, sema chochote, na Adriano alikuwa amefungua mdomo mpaka mishipa ya shingo imesimama, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu, pumzi kama ya mlango wa tanuri. Basi Apolinaria akajua. Ile iliyokuwa nyuma yake haikuwa ya kuigiza. Ndiyo yenyewe, ile aliyoipenda, nzima, inamwomba, na inaahidi kutoka humo kwa neno moja lake, lile lile ambalo lingewapeleka wote.

Akauma ulimi mpaka akaonja damu.

"Polina," ikasema, na sasa ilikuwa inalia. "Usiniache na huyu."

Apolinaria akatoka, akaufunga mlango.