Kiatu Kilicholala Sakafuni

Fundi Sauti alikutwa amelala chali mbele ya jukwaa, mguu mmoja una buti, mwingine una soksi iliyotoboka kidole gumba. Damu ilikuwa imemtoka kisogoni na kuganda kwenye ukosi wa shati. Kifuani palikuwa na alama mbili za soli. Alikuwa anapumua, lakini kwa kusuasua, na gari la wagonjwa lilipomchukua saa kumi na nusu alasiri hakuwa anajua kama ile ni Jumamosi au Jumatatu.

Inspekta alifika dakika chache baadaye. Ukumbi ule zamani ulikuwa ghala la mbao, na chini ya paa lake la mabati joto lilikuwa bado halijatoka ingawa watu walikwishatolewa. Maisha yake yote Inspekta alijua panki kuwa ni mtindo wa kunyoa nywele. Kwamba ni muziki pia, na kwamba kuna watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu wao, wanaolipa kiingilio waje kurukaruka na kugongana mabega mchana kweupe huku wenzao wakiyagombeza magitaa jukwaani, hilo alilijua siku ile.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshampigia simu mara mbili. Kwake kesi ilikwisha kabla ya kuanza: wahuni wamemkanyaga mtu. Jumatatu saa nne asubuhi baraza la mji lingekaa kuamua kuufunga ukumbi moja kwa moja, na alitaka ripoti iwe mezani kabla ya hapo.

"Andika kukanyagwa," alisema. "Usinitafutie mambo."

Inspekta alikuwa na ugonjwa mmoja ambao haujapata dawa: akikatazwa kutafuta, mikono humwasha. Akamwita shahidi.

Shahidi mwenyewe alikuwa Radi, mwimbaji wa bendi iliyoshuka jukwaani muda mfupi kabla Fundi Sauti hajakutwa. Mtu wa miaka hamsini na ushei, nywele nyekundu zimesimama, koti la ngozi limemkaa vizuri. Sauti yake ilikwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta.

"Umepatwa na nini kooni?"

"Kazi, afande. Nimetoka kuimba."

"Ulimwona akianguka?"

"Kwa macho yangu. Ilikuwa wimbo wa mwisho. Spika ya mbele ilikuwa na hitilafu, akatoka kwenye kibanda chake kuja kuitazama. Akateleza. Wakampanda."

"Na hukusimamisha wimbo?"

"Kulikuwa na moshi wa jukwaani. Nilidhani ameinuka."

"Kiatu?"

"Kilimvuka humohumo kwenye vurugu. Nilikiona kimebaki chini."

Koplo, dada mmoja mwenye mwandiko wa haraka, aliandika yote na kumpa Radi atie sahihi. Maelezo yalikuwa safi. Inspekta hakuyapenda kwa sababu hiyohiyo, lakini usafi si kosa la jinai.

Nje, kwenye ngazi, alikuwa amekaa mwanamke mmoja aliyeambiwa aende nyumbani mara tatu na akakataa mara tatu. Sketi yake ilikuwa na damu, kwa maana ndiye aliyemkuta majeruhi na kumpakata kichwa mpaka gari lilipokuja. Mapajani alikuwa na kreti tupu la soda. Walimwita Mama Viatu. Kazi yake kushona sare za shule, umri wake miaka hamsini na miwili, na koti lake la jinzi lilikuwa limejaa viraka vya majina ya bendi, kila kimoja kimeshonwa kwa mkono siku iliyofuata onyesho. Alianza kuja kwenye maonyesho ya panki akiwa na miaka kumi na tisa. Alisimulia bila kuombwa: onyesho la kwanza kwenye bwalo la chuo, madirisha yamefunikwa shuka; tamasha la siku tatu ndani ya tope, aliporudi nyumbani bila sauti na mama yake akadhani amerogwa; harusi yake mwenyewe, aliyoisogeza mbele wiki moja kwa sababu bendi mbili zilikuwa zinapiga Jumamosi ileile. Mume alikubali shingo upande. Siku hizi naye huja.

"Ukumbi huu ukifungwa, afande, hakuna mwingine utakaotupokea," alisema. "Mimi sina klabu, sina kwaya. Nina hapa tu."

Kisha akauliza jambo ambalo hakuna askari aliyeliuliza.

"Kiatu chake mmekiokota wapi?"

"Sakafuni. Hatua tatu kutoka alipolala."

"Basi hakukanyagwa."

Inspekta alimtazama. Mama Viatu akainuka, akamwongoza ndani mpaka mbele ya jukwaa, mahali walipopaita tanuri. Akaeleza kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa. Katika tanuri mtu akianguka, walio karibu hutanua mikono, wengine humwinua kwa kwapa, na hachezi mtu mpaka aliyeanguka asimame. Kiatu kikimvuka mtu, aliyekiona hukiinua juu ya kichwa na kukishika hivyo hadi mwenyewe aje. Kisipopata mwenyewe, huwekwa ukingoni mwa jukwaa. Miaka ishirini sasa, kazi ya kuvikusanya na kreti ni yake. Hakupewa na mtu, alijipa.

"Mama, hiyo ni desturi yenu. Si ushahidi."

"Tazama pale."

Ukingoni mwa jukwaa vilipangwa vitu vilivyopotea siku ile: raba mbili zisizofanana, miwani, funguo, na meno ya bandia ya juu.

"Meno yameinuliwa, afande. Meno ya mtu hata hatumjui. Halafu kiatu cha Fundi Sauti, tunayempenda sote, kiachwe chini kama ganda la ndizi?"

Koplo alikohoa ili asicheke. Inspekta hakucheka. Alivaa glavu, akalichukua buti kutoka kwenye mfuko wa vielelezo. Kamba ilikuwa ndefu, nzima, imelegezwa tundu baada ya tundu mpaka chini. Akapiga simu hospitali, akamwomba muuguzi aangalie buti la mguu mwingine. Jibu likaja: kamba imezungushwa kifundoni na kufungwa fundo juu ya fundo, wamelikata kwa mkasi.

"Wote hufunga hivyo," alisema Mama Viatu. "Asiyefunga hivyo huchekwa mwaka mzima."

Buti kama lile lisingeweza kumvuka mtu kwa kusukumwa. Lilikuwa limefunguliwa na mtu aliyetulia, mwenye vidole vyake kumi.

Jumapili asubuhi mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi alileta habari akitabasamu, jambo lisilo la kawaida kwake. Alama zote mbili za soli kwenye shati zilitoka kwenye kiatu kimoja, cha kushoto, kimekandamizwa mara mbili bila haraka. Ukumbini walikuwemo watu mia mbili, na haikuelekea kwamba wote walikuja na mguu mmoja. Kisigino cha buti la Fundi Sauti kilikuwa na alama ya dole gumba. Daktari naye alithibitisha kwamba hapakuwa na ubavu uliovunjika wala jeraha jingine ila lile la kisogoni, lililotokana na chuma butu chenye ukingo wa mviringo.

Koplo alikipata chuma hicho kabla ya chakula cha mchana. Pembeni mwa jukwaa kulikuwa na chumba kidogo cha wasanii, chenye mlango unaotokea ukumbini, na humo kulikuwa na stendi tano za maikrofoni. Vitako vya nne vilikuwa na vumbi la mwaka. Cha tano kiling'aa kama sahani ya wageni, lakini chini yake, penye ufa, dawa ya maabara ilionyesha damu.

Mbinu ikajulikana. Baada ya kila bendi watu wote hutoka uani kupunga upepo na kunywa maji. Kwa dakika kumi ukumbi hubaki mtupu, na dakika kumi zinatosha kumburuta mtu kutoka chumbani hadi tanuri. Na aliyedai kuona anguko lenyewe alikuwa mmoja tu. Mwamba ngoma huvutia kwake; huyu alikuwa ameivuta mpaka ikachanika. Kilichokosekana ni sababu. Radi na Fundi Sauti walikuwa marafiki wa miaka mingi.

Alasiri Inspekta alikwenda kwenye chumba cha ushonaji cha Mama Viatu. Alimkuta kati ya mashati meupe ya shule, amekaa kwenye cherehani bila kushona. Inspekta alipotaja jina la Radi, alikata uzi ambao haukuhitaji kukatwa.

"Usiniulize mimi. Huyo nimemfuata tangu hajaota ndevu."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Aliuweka mkasi mezani. Kisha akasema, na ilionekana wazi kwamba kila neno lilikuwa linamuuma. Radi alikuwa na wimbo mmoja ambao kila mtu huusubiri. Mwishoni vyombo vyote hunyamaza, yeye hupiga ukelele mmoja mrefu, peke yake, mpaka pumzi imwishie, ndipo ngoma hurudi. Miaka kumi na moja iliyopita, kwenye tamasha la uwanjani, mvua ilikuwa inanyesha na Mama Viatu alikuwa safu ya mbele. Ukelele ulipoisha maji yalimpalia Radi, akakohoa mara mbili. Hapohapo kijiti cha mpiga ngoma kilimponyoka kikagonga ubao: kwaa. Watu walicheka. Mama Viatu hakuwahi kukisahau kicheko kile.

"Na jana?"

"Jana ukelele ulipoisha alikohoa mara mbili. Kisha nikasikia kijiti kimeanguka. Kwaa." Alivua miwani akaifuta kwa kona ya shati la mtoto wa watu. "Nikamtazama mpiga ngoma. Vijiti vyote viwili alikuwa navyo mkononi, juu. Nikajiambia, mama, umezeeka, masikio yamekuchoka."

Masikio hayakuwa yamechoka hata kidogo. Saa moja baadaye walikuwa kwenye kibanda cha mbao cha Fundi Sauti, nyuma kabisa ya ukumbi. Koplo aliifungua kompyuta ya mitambo na kukuta rekodi moja fupi isiyo na jina, iliyochezwa mara ya mwisho Jumamosi, robo saa kabla ya saa kumi. Akaibonyeza. Ukelele ulijaza ghala zima. Kikafuata kikohozi, na kingine, halafu kwaa. Mama Viatu alifumba macho, na Inspekta aliona aibu kumtazama.

Jumatatu saa mbili asubuhi Radi alikaa katika chumba cha mahojiano. Alionywa kwamba hakulazimika kusema lolote. Inspekta alimwalika Mama Viatu akae pembeni kama shahidi wa utambuzi wa sauti, na Radi alipomwona akatazama ukuta.

"Dole gumba la kulia," alisema Inspekta, akiweka karatasi mezani. "Lako. Kwenye kisigino."

"Nilimsaidia kuinuka."

"Ulisema ulikuwa jukwaani."

Radi aliuficha mkono wa kulia chini ya meza.

"Soli ya kushoto. Yako. Koplo ameilinganisha."

"Sijui."

Inspekta alibonyeza kitufe. Ukelele ukatoka, vikohozi viwili, kijiti. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Radi iliishia pale. Uso wake ulilegea, akaanza kusema kwa sauti iliyobaki, ambayo ilikuwa kidogo mno.

Koo lilikuwa limekufa miaka miwili nyuma. Daktari alimwambia anaweza kuongea, na kuimba kwa kubahatisha, lakini ukelele asahau. Akamwomba Fundi Sauti amfichie kwa rekodi ya tamasha lile la uwanjani, mara moja tu. Mara moja ikawa maonyesho tisa, na kila mara rekodi ilikatwa kabla ya vikohozi, isipokuwa Jumamosi, Fundi Sauti alipoiacha iende mpaka mwisho. Jumamosi, bendi ilipokuwa inapakia vyombo kwenye gari, Fundi Sauti alimfuata chumbani akamwambia basi, hawezi tena kuwadanganya watu wale, atawaeleza mwenyewe kama Radi hataki.

"Kwingine kote wanaweza kukusamehe," alisema Radi. "Panki haisamehe. Huku ukiimba vibaya wanakupenda, ukiimba uongo wanakuzika. Niliona watu wote wakinicheka. Stendi ilikuwa karibu."

"Kisha ukamvua kiatu."

"Nilitaka ionekane ni wao."

"Hao ni sisi," alisema Mama Viatu.

Inspekta angeweza kumnyamazisha. Hakumnyamazisha.

"Mimi nimepiga ukelele ule pamoja na wewe miaka ishirini na saba," aliendelea, taratibu. "Naujua kuliko jina la baba yangu. Watu mia mbili tunaujua. Ungetugeuzia tu maikrofoni, kaka. Tungekupigia sisi."

Radi aliinamisha uso mezani akalia kwa kelele mbaya, kavu. Koplo aliandika maelezo hadi mwisho. Radi akatia sahihi, kisha akashtakiwa kwa kujeruhi kwa kukusudia.

Saa nne kasorobo Inspekta aliingia kwenye ukumbi wa baraza na kuliweka lile buti, ndani ya mfuko wake, katikati ya meza ya waheshimiwa. Mkuu wa kituo alimkata jicho. Inspekta akaeleza habari ya kiatu, fundo, meno ya bandia na dole gumba, na alipomaliza, mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye hoja ya kuufunga ukumbi. Hakuna aliyeinua mkono. Mchana ule Fundi Sauti alifumbua macho, akaomba maji, na akauliza buti lake liko wapi.

Jumamosi mbili baadaye ghala lilijaa. Bendi ya Radi ilipanda bila Radi. Inspekta alikuja na nguo za nyumbani, akajibanza ukutani, akijidai amepita tu. Wimbo ule ulipofika mwisho vyombo vikanyamaza, na Fundi Sauti, bandeji kichwani, akatoka kibandani, akatembea hadi jukwaani na kuigeuza maikrofoni iwaelekee watu.

Makoo mia mbili yakafunguka. Mabati yalitetemeka. Mama Viatu alikuwa mbele, mikono juu, machozi yanamtiririka na meno yote nje, na Inspekta alishtuka kugundua kwamba na yeye mdomo wake uko wazi na sauti inatoka. Ngoma ziliporudi, ukuta ulikuwa mbali nyuma yake. Alisukumwa, akaanguka, na kabla goti halijagusa chini mikono sita ilikwisha kumsimamisha.

Mguu mmoja ulihisi ubaridi wa sakafu. Akatazama juu. Kiatu chake cheusi, kilichong'arishwa kwa utaratibu wa jeshi la polisi, kilikuwa kinaelea juu ya vichwa, mkono hadi mkono, mpaka kikamfikia mwanamke mwenye koti la viraka. Akamletea mwenyewe, akipenya watu kwa viwiko.

"Afande," alimwambia sikioni, "tunafunga fundo mara mbili."