Draya ya Pembeni

Draya ya pembeni ilikuwa haijachomekwa kwenye umeme, lakini mteja aliyekaa chini yake alilalamika.

"Dada, huyo anayeongea humu ndani mwambie apunguze sauti. Nimekuja kutengeneza nywele, sikuja kusikiliza kesi za watu."

Msusi akacheka. Wateja wa saluni wana mambo yao, na ukiyatilia maanani yote utafunga duka. Akamhamishia mama wa watu kwenye draya nyingine, kisha akaishika ile ya pembeni. Ilikuwa ya moto. Waya wake ulikuwa umening'inia tu, na ndani ya kofia yake mlinuka moshi wa sigara, wakati ndani ya saluni ile haikuwahi kuvutwa sigara hata siku moja.

Saluni ilikuwa chini ya jengo kuukuu, mtaa wa nyuma ya wizara, katikati ya mji mkuu. Wapangaji walikuwa hawakai pale. Msusi alipoambiwa hivyo alijibu kwamba wasiokaa ni wavivu, akapaka rangi, akatundika vioo, akaanza kazi na binti yake wa pekee.

Sauti ya binti huyo ilikuwa mali. Akisema "karibu", aliyekuwa anapita njia anarudi nyuma. Mama yake alishapanga kumwachia saluni na alimfundisha yote, pamoja na ile siri ya kazi: mteja hasukwi tu, husikilizwa. "Akinyamaza katikati ya habari, usimwache," alimwambia. "Mwambie: enhe, endelea, nakusikiliza. Huyo atarudi hata ukimkata sikio." Na yeye mwenyewe alilisema neno hilo mara nyingi mno, hadi likawa linatoka kama kupiga chafya.

Mchana mmoja, binti akiwa ametoka, Msusi aliosha nywele zake akakaa chini ya draya ya pembeni. Alitaka kujihakikishia kwamba wateja ni waongo. Kofia ilipomziba masikio akasikia pumzi. Kisha ikaja sauti ya Mama Mapazia, jirani aliyeuza mapazia duka la pili: "Nimeshaongea na mwenye nyumba. Yule msusi atatolewa, mimi naingia pale." Halafu sauti ikasita, kama mteja anayeona haya.

"Enhe, endelea," Msusi akasema kabla hajafikiri. "Nakusikiliza."

Joto likapanda ghafla. Sauti ikamwaga yote: nani aliahidiwa nini, lini, na kwa maneno gani. Msusi alitoka pale, akaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, akaizima njama ile hata haijaiva.

Kesho yake Mama Mapazia alifungua mdomo amsalimie mteja, ukatoka upepo mtupu. Hospitali wakasema koo zima kabisa. Msusi alimwonea huruma kidogo. Kusema kweli, kidogo sana.

Angeishia hapo. Lakini umbea ukishauonja wa kuletewa mpaka kitini, wa kutafuta mwenyewe hauna ladha tena. Kila mchana akawa anajifunika ile kofia. Akajua nani anamdhulumu nani, nani si baba wa mtoto wa nani, na mtaani watu wakawa wanapotelewa na sauti mmoja mmoja. Wakasema ni vumbi.

Juu ya saluni aliishi bibi mmoja na mumewe bubu. Bibi huyo alikuwa na kituko chake: akija kusukwa, kabla hajasema la maana lazima afungulie bomba la sinki. "Bibi, maji yenyewe ya mgao," Msusi humwambia, akifunga. Basi bibi naye hufunga mdomo.

Siku zile binti alianza kunong'ona kwenye simu. Mama akiingia, anakata. Mama akiuliza, "si kitu, mama." Wahenga walishasema, ukimchunguza sana bata humli. Ila Msusi alimtaka bata wake pamoja na utumbo. Mchana, peke yake, akavaa ile kofia.

"Na mwanangu je? Ananificha nini?"

Kofia ikapata moto. Kisha ikaja sauti ya binti yake, ileile, karibu kabisa na ngozi ya sikio: "Nimepata kazi redioni. Nitasoma habari, Jumatatu naanza. Naogopa kumwambia mama, atalia. Ananitaka nibaki saluni, na mimi nampenda, sijui nianzie wapi."

Machozi yakamlenga. Hapohapo mlango ukafunguliwa, binti akaingia na mfuko wa rola mkononi, akapanua mdomo amsalimie mama yake, na hakukutoka kitu. Akajaribu tena. Akaanguka magoti, amejishika koo, huku ndani ya ile draya sauti yake ikiendelea kuongea.

Msusi alipanda ngazi peku. Bibi alimwona tu usoni akajua. Akashuka naye, akafungulia bomba mpaka mwisho, na sinki liliponguruma ndipo akamsogelea sikioni.

"Umelijibu?"

"Nimelijibu, bibi. Sikujua."

"Hapa pamewahi kuwa duka la saa. Mbele saa, nyuma vijana wamevaa hedifoni, wanausikiliza mji. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Walisikiliza mawaziri, wageni, walimu, hata wake zao. Akitajwa mtu hapa, kesho yake gari linampitia, na harudi. Wageni wakazigundua nyaya za kunasia sauti, wakazing'oa. Mkubwa wa wale vijana akasema, basi, tafuteni kisichoonekana. Akaletwa mganga, akalifunga jini ukutani. Kazi yake kusikiliza na kuripoti kwa yeyote aliyezibwa masikio akaliambia endelea. Wale wakubwa wamekufa. Lenyewe halijaambiwa kazi imekwisha."

"Na sauti za watu?"

"Habari ya mtu hulisema kwa sauti ya mtu. Likishaichukua halirudishi bure. Mume wangu hakuzaliwa bubu, mwanangu. Lilichukua sauti yangu, akanikomboa kwa yake." Bibi akalitazama bomba. "Maji yakilia halisikii, ndiyo maana nafungulia. Sasa shika hili la mwisho, ndilo kubwa. Ukilitoa humu, lazima uliambie..."

Bomba likakohoa. Maji yakawa uzi, kisha tone, kisha hewa. Mgao.

Bibi akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Akamvuta Msusi mkono watoke nje, akimwonyesha mlango kwa macho, lakini Msusi aliuchomoa mkono wake, kwa sababu binti yake alikuwa sakafuni analia bila sauti, na kilio cha mtoto kisicho na sauti mama hakivumilii, na ile draya pembeni ilikuwa imeanza kuwaka nyekundu bila umeme, harufu ya sigara imejaa mpaka vioo vimefifia, na ndani ya kofia walikuwa wanaongea wote sasa, Mama Mapazia na wenzake na watu wa zamani waliopitiwa na magari, wanatajana, wanasalitiana, wanaomba wasitajwe. Akakaa. Akajifunika.

"Mrudishie mwanangu sauti yake. Chukua yangu. Na uhame nyumba hii."

Sauti zote zikakoma. Ikajibu moja tu, ya mwanamume, baridi, ya ofisini: "Imekubaliwa. Tunahama."

"Mama!" binti akapiga kelele. "Mama, nimepona!"

Msusi akamkumbatia. Alitaka kumwambia alhamdulillahi. Hakuweza.

Maji yaliporudi bibi alifungulia bomba, akauliza swali moja. "Uliliambia liende wapi?"

Msusi akatikisa kichwa. Bibi akafunga bomba polepole, akapanda kwake.

Binti aliamini ni ugonjwa wa koo, kama wa mtaa mzima. Msusi angeweza kumwandikia ukweli. Kalamu aliishika mara nyingi. Lakini angeanzaje? Mwanangu, nilikupeleleza? Kwa hiyo binti alikiri mwenyewe habari ya redio, akalia, akabusiwa kipaji cha uso, akaenda kazini Jumatatu. Kabla ya adhuhuri alituma picha: amekaa mbele ya maikrofoni, anacheka, masikioni hedifoni kubwa nyeusi.

Msusi aliitazama ile picha, tabasamu likamkauka. Akakimbilia simu, akabonyeza, akakumbuka kwamba hana cha kusemea. Akaanza kuandika ujumbe, vidole vinateleza. Saluni nzima ikanyamaza; mtu alikuwa ameongeza sauti ya redio.

Sauti ya binti ikatoka, safi, tamu. Akasalimia nchi. Akasoma habari ya kwanza, akaanza ya pili, akasita. Redio ikawa kimya. Kisha, polepole, kwa ile sauti ya kumbembeleza mteja, akamwambia mtu ambaye hakuna aliyemsikia:

"Enhe, endelea. Nakusikiliza."

Wateja wakaangua kicheko. "Mtoto wa msusi huyo," mmoja akasema. "Hata redioni anasuka."

Msusi alikuwa amepanua mdomo kwa nguvu zake zote.