Kosa la Kuchagua Paka Aliyetulia

Mektrida alipanda darini asubuhi, akashika hindi. Lilikuwa gunzi tupu. Akashika jingine, nalo vilevile. Alikaa palepale kwenye moshi wa jiko, akalia.

Mwaka ule mvua ziligoma, migomba ikanyauka, na bei ya kahawa ilikuwa ya kutia aibu. Mahindi ya darini ndiyo yaliyokuwa chakula chao na mbegu yao. Sasa panya walikuwa wanayamaliza.

"Mama, paka haamki!" Hilda, binti yake, aliita kutoka chini.

Paka mdogo alikuwa amekauka kando ya mafiga. Alikuwa wa pili kufa tangu Krismasi.

"Nyumba hii ina mkosi," alisema Mektrida. "Hata paka hakai."

Siku hiyo Thadeus, bwana mifugo wa Kilema, alikuja kumtazama ng'ombe wao. Hilda alimwamkia, akamwonyesha yule paka.

"Mlimtoa wapi?"

"Kwa jirani yetu Yuditha," alijibu Mektrida. "Wenzake walikuwa na fujo, wanaparuana. Huyu alikaa pembeni, ametulia. Nikasema huyu ndiye mwenye adabu."

"Na wa kwanza?"

"Naye alikuwa mpole hivyohivyo."

"Mama Hilda, hao hawakuwa wapole. Walikuwa wagonjwa."

Mektrida alimtazama tena yule paka. Watoto wake wote aliwalea kwa kuwaambia watulie. Alijiona mjinga, na huzuni ikazidi.

"Mfukieni huyu, na mlichome moto tambara alilolalia," alisema Thadeus. "Kisha twende kwa Yuditha."

Huko Thadeus alikamata paka mmoja mtundu.

"Tazama macho. Yanang'aa, hayana tongotongo. Pua haina kamasi. Masikioni hakuna uchafu mweusi. Chini ya mkia ni pakavu, haharishi. Tumbo nalo halijavimba. Likivimba, mara nyingi ni minyoo."

Mektrida alimpokea. "Ananiparura!"

"Ana nguvu. Yuditha, anakula mwenyewe?"

"Huyu? Ana miezi miwili tu na ananiibia dagaa!"

"Basi mchukue. Nitampa dawa ya minyoo. Akifika miezi mitatu, mlete achanjwe kichaa cha mbwa. Paka naye hukipata, akaambukiza watu."

"Na panya?"

"Huyu bado mdogo. Pukuchueni mahindi, myaweke kwenye pipa lenye kifuniko."

Walipopukuchua, hayakujaza hata nusu pipa. Mektrida alitenga mbegu kwanza. Njaa iliwapata vilevile. Waliuza mbuzi, wakala mlo mmoja kwa siku, na Hilda alikonda hadi mama yake akaogopa kumtazama.

Masika yalipoanza, paka alikuwa ameshaua panya kadhaa. Walimkuta amelala juu ya pipa, wakamsukuma. Mektrida alifunua kifuniko, akachota mbegu kwa mikono miwili. Zote zilikuwa nzima. Akambebesha Hilda kikapu, wakateremka shambani kupanda.